Kungoja si kukaa bure: wazee wetu na saa za kungoja



Kila mtu anayeishi huku kwetu anajua kungoja. Mama anaamka saa kumi ya usiku kwenda kupanga bidoni yake kwenye mlolongo wa maji, na maji yanafika saa mbili ya asubuhi, au hayafiki. Umeme unakatika, fundi anakaa mbele ya kazi yake mikono mapajani. Mwalimu anangoja mshahara. Mgonjwa anangoja munganga. Msafiri anangoja gari, na gari yetu haina saa, iko na viti: viti vikijaa vyote, ndiyo saa imefika. Tukihesabu vizuri tutaona kwamba sehemu kubwa ya maisha yetu tunaipitisha katika kungoja.

Katika mkutano mmoja wa chama chetu kijana alisimama akasema: "Wazee, kila siku munatuambia desturi, desturi. Lakini ile desturi tutaijifunza saa gani? Wakati yote tuko paka mu kungojea." Watu wakacheka sana. Mzee mmoja hakucheka. Aliacha kelele ishe, kisha akajibu pole pole: "Mutoto wangu, weye unazani sisi tulijifunza saa gani? Ilikuwa mu kule kungojea."

Neno hili lilitukaa rohoni, ndiyo maana tumeandika insha hii. Tulitaka kujua kama mzee alisema kweli. Tuliulizana sisi kwa sisi, tuliuliza wazee wa Katanga, wa Kasai, wa Maniema na wa Kivu, tukasoma na vitabu vichache. Tuliyoyaona ndiyo haya.

Methali mbili zinazogombana

Kiswahili chetu kiko na methali mbili juu ya jambo hili, na hazipatani. Ya kwanza inasema: Subira yavuta heri. Ya pili inasema: Ngojangoja huumiza matumbo. Mtoto akiuliza ni ipi ya kweli, tutamjibu nini? Wengine wanasema kila methali iko na siku yake. Ni jibu zuri, lakini halitoshi, kwa maana halitufundishi namna ya kujua leo ni siku ya ipi. Tuziweke zote mbili pembeni kwanza, tutazirudilia mwishoni.

Kitambaa cha Wakuba

Tuanze Kasai, kwa Wakuba, kati ya mito ya Kasai na Sankuru. Wakuba wanajulikana dunia nzima kwa ajili ya vitambaa vya rafia, vile ambavyo Wafaransa na Wabelgiji waliita "velours ya Kasai". Leo viko ndani ya majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, na watu wanalipa wapate kuviangalia.

Kitambaa hicho kinatengenezwa hivi. Wanaume wanatunza mitende ya rafia, wanachana majani kuwa nyuzi, na wanafuma kitambaa chenyewe. Kisha kinapita mikononi mwa wanawake. Mwanamke anachukua sindano, anapitisha uzi kati ya nyuzi za kitambaa bila kufunga fundo, anaukata kwa kisu kidogo, nyuzi zinasimama kama manyoya laini. Anafanya hivyo mara elfu na elfu. Hana mchoro mbele yake. Umbo liko kichwani, na kila umbo liko na jina.

Kipande kimoja kidogo kinaweza kuchukua majuma mengi, hata miezi. Je, mwanamke wa Kikuba alikuwa na miezi ya kukaa tu? Hapana. Alikuwa na shamba, maji, kuni, watoto, sufuria motoni. Kitambaa alikifanya katikati: muhogo ukiwa unalowa, jua likiwa kali mno kwa kwenda shambani, mvua ikinyesha, mtoto akiwa amelala. Sindano na rafia vilikaa karibu naye. Akipata nafasi anashona kidogo, akiitwa anaweka chini, kesho anaendelea pale pale.

Na kitambaa chenyewe kilikuwa kinangoja. Vingine viliwekwa kwa ajili ya siku ya kifo, kwa maana Mkuba anazikwa na vitambaa vyake, na jamaa inaona haya kama maiti haikuvikwa vizuri. Saa ndogo ndogo za mama, zile ambazo sisi tungeziita saa za bure, ndizo zilimfunika mzee siku ya mwisho. Hilo si jambo dogo.

Wakuba wanasimulia pia juu ya mfalme wao mkubwa, Shyaam aMbul aNgoong, wa karne ya 17. Wanasema ya kwamba mbele ya kutawala alisafiri upande wa magharibi, akakaa kwa watu wengine akiangalia kazi zao, na aliporudi alileta maarifa mengi, pamoja na ufundi wa rafia. Wanasema tena kwamba ni yeye aliyeleta mchezo wa lyeel, ule wa kutia mbegu katika mashimo ya ubao. Kila mfalme wa Kikuba anachongwa sanamu inayoitwa ndop, na mbele yake inawekwa alama ya utawala wake. Mbele ya Shyaam hawakuweka mkuki, waliweka ubao wa lyeel. Sanamu hiyo iko London tangu mwaka wa 1909, ndani ya British Museum. Watu wetu walitaka mfalme wao akumbukwe na mchezo wa watu wanaokaa pamoja kwa amani.

Vidole katika mchanga

Tushuke sasa kusini, upande wa Dilolo na Sandoa, kwa Wachokwe. Hao wako pia Angola na Zambia. Kwao, jioni karibu na moto, ao wawindaji wakipumzika kambini, mzee alisafisha mchanga kwa kiganja akaanza kuchora. Michoro hiyo inaitwa sona, na moja tu ni lusona.

Namna yake ni hii. Kwanza anatia vitone kwa ncha za vidole, mistari iliyo sawa. Kisha anaanza kusimulia hadithi, na akisimulia kidole kinapita kati ya vitone, kinazunguka, kinageuka, kinarudi, na hakiinuki mpaka kifike pale kilipoanza. Hadithi inaisha pamoja na mchoro. Ukiinua kidole katikati, ao ukisitasita, watu wanakucheka. Vijana walijifunza michoro rahisi ndani ya mukanda, yaani kambi ya jando. Ile migumu ilikuwa ya wazee wachache waliojua sana.

Mwalimu Paulus Gerdes, aliyefundisha hesabu huko Msumbiji mpaka kufa kwake mwaka wa 2014, alichunguza michoro hii miaka mingi. Alionyesha kwamba ndani yake kuko hesabu ya kweli. Tuwape mfano, na watoto wajaribu. Panga vitone mistari 5, kila mstari vitone 6. Pitisha kidole kwa mshazari kati ya vitone, na kila ukifika pembeni ugeuke kama mpira uliogonga ukuta. Mstari mmoja tu utavizunguka vitone vyote 30 na kurudi ulikoanza. Sasa panga mistari 4 ya vitone 6. Haitawezekana tena! Utafika ulikoanza wakati bado vitone vingine, na utahitaji mstari wa pili. Sababu ni nini? Ni kwa kuwa 4 na 6 zote zinagawanyika kwa 2, na 5 na 6 hazina namba ya kuzigawa zote mbili isipokuwa 1. Wanafunzi wanalijifunza jambo hili shuleni kwa Kifaransa, na wengi wanalichukia. Mtoto wa Mchokwe aliligusa kwa kidole wakati anangoja nyama iive.

Wakuba pia walikuwa na mchezo wa namna hii. Emil Torday, msafiri kutoka Hungaria aliyefika kwao mwanzoni mwa karne ya 20, aliwakuta watoto wakichora mchangani. Wakamwambia mgeni achore umbo lao bila kuinua kidole. Alishindwa, na watoto wakafurahi sana. Tunawaambia wazazi: wale watoto walikuwa "wanakaa bure".

Kusubiri daraja kwa Walega

Kuko kungoja kwa saa, na kuko kungoja kwa miaka. Walega wa Maniema na Kivu ya Kusini wako na chama cha bwami. Mtu anaingia kwa daraja ya chini, kongabulumbu, na kama Mungu na jamaa wakimsaidia anapanda mpaka kindi, daraja ya juu kabisa. Lakini hakupanda kwa nguvu, wala kwa mali peke yake. Alingoja, pengine miaka mingi.

Na katika kungoja huko hakulala. Alikusanya vitu vya sherehe, alipatana na jamaa zake na wakwe zake, kwa sababu bila hao hakuna mtu wa kumsimamia. Zaidi ya yote alijifunza methali. Kila kitu cha bwami, sura ndogo ya pembe ya tembo, kijiko, ganda la konokono, iko na methali yake, na methali ni mamia. Mtu mwenye mali lakini mgomvi, ao mwenye kinywa kisichofungwa, alibaki chini. Ile miaka ilikuwa ni mtihani: watu walimwangalia anangoja namna gani.

Serikali ya Wabelgiji ilipiga bwami marufuku mwaka wa 1948. Hawakuelewa faida yake, waliona watu wazima wanakaa siku nyingi wakicheza ngoma na kutoa maneno yenye kufichika. Daniel Biebuyck, aliyekaa kwa Walega miaka ya 1950, aliandika mengi aliyofundishwa na wenye chama, na leo wajukuu wa wale wazee wanasoma vitabu vyake kutafuta methali za babu zao. Hapo tunaona hasara. Mlolongo wa kungoja ukikatwa, na mafundisho yaliyokuwa ndani yake yanaanguka.

Nyangwe, 1871

Historia ya kungoja si ya furaha tu. Kuko kungoja moja iliyoandikwa vizuri kuliko zote, na ilikuwa kwetu, kando ya Lualaba.

Mwisho wa mwezi wa tatu mwaka wa 1871 mzungu David Livingstone alifika Nyangwe, katika Maniema. Alitaka kuvuka mto na kuufuata, kwa maana alifikiri pengine ni chemchemi ya Nile. Alihitaji mitumbwi. Wenye mitumbwi walimnyima. Tusiwalaumu: walikuwa wamekwisha kuona wageni wenye bunduki wanafanya nini vijijini, na hawakuweza kujua kama huyu ni tofauti. Basi alingoja, karibu miezi 4.

Karatasi ilimwishia, wino pia. Akachukua gazeti la zamani la London akaandika juu ya maandiko yaliyochapwa, kwa wino mwekundu aliotengeneza kwa mbegu za mmea wa huko. Na kwa kuwa hakuwa na pa kwenda, kila siku ya soko alienda sokoni. Akaandika namna wanawake wanavyokuja kwa mitumbwi na kwa miguu, na vikapu, samaki, vyungu, kuku, chumvi. Wanavyobishana bei na kucheka. Akahesabu watu, akafikiri wanafika 3.000 siku kubwa. Soko la Nyangwe lilikuwa mahali pa amani, hata watu wa vijiji vinavyogombana walikutana hapo.

Tarehe 15 mwezi wa saba 1871 watu wa msafara wa wafanyabiashara wa utumwa waliingia sokoni na bunduki wakaanza kufyatua. Watu walikimbilia mtoni, mitumbwi ikazama. Wafanyabiashara wenyewe walihesabu waliokufa kati ya 330 na 400, wengi wao wanawake. Livingstone aliona kwa macho yake, akaandika katika karatasi zile zile. Hakuvuka mto. Alirudi Ujiji, na habari yake ilipofika Ulaya ilisaidia kusukuma serikali ya Uingereza kumbana Sultani wa Zanzibar, na soko la watumwa la Zanzibar likafungwa mwaka wa 1873. Zile karatasi zilififia mpaka hazikusomeka tena, na ni mwaka wa 2011 tu ndipo wataalamu wa picha waliweza kuzisoma na kuzitoa.

Tunafikiri nini sisi watoto wa Lualaba? Tunafikiri hivi: kama yule mtu angekaa nyumbani kwake akikasirika juu ya mitumbwi, wale mama wangekufa bila shahidi. Hatujui majina yao. Lakini tunajua walibeba nini vikapuni, na walicheka namna gani juma moja mbele ya kufa, kwa sababu mtu mmoja aliyekuwa anangoja alikuwa na macho.

Saa ya mzungu, saa ya treni

Kisha ilikuja saa ya chuma. Treni ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi yetu, mwaka wa 1910. Mwaka wa 1911 njia ya Kindu mpaka Kongolo ilifunguliwa, mwaka wa 1915 njia ya Kabalo ilifika Albertville, ndiyo Kalemie, na mwaka wa 1928 reli ya Katanga ilifika Port-Francqui, ndiyo Ilebo. Mwaka wa 1956 Kamina na Kabalo ziliunganishwa. Pamoja na reli ilikuja ngonjo ya namna mpya. Zamani mtu alingoja mvua, mavuno, mtoto kuzaliwa. Sasa alingoja saa ya ukutani, filimbi ya gare, king'ora cha Union Minière.

Wakati ule ndipo neno "mvivu" lilitiwa mdomoni mwa wakubwa. Mzungu alipita, akaona mwanaume chini ya mti anacheza kisolo, akasema: mvivu. Hakuuliza: huyu anangoja nini? Pengine mitego yake iko porini, pengine anangoja wenzake kwa kukata kesi, pengine ni mzee na kazi yake ni kukaa pale vijana wamwone. Na mchezo wenyewe? Mchezo wa mbegu unaopendwa huko Rwanda na Kivu, igisoro, uko na mashimo 32 na mbegu 64. Mchezaji anahesabu mbegu zake na za mwenzake, na anaona mbele zitaangukia wapi, yote kichwani. Tunawaalika wale waliosema uvivu wajaribu.

Lakini watu wetu waliishika ile saa mpya na kuifanya yao. Katika foyers sociaux akina mama walifundishwa kushona na kutia nyuzi kwa sindano, wakatoka na nyuzi zao nje, kwenye mlolongo wa munganga na kwenye kiti cha gare. Kila mahali treni iliposimama soko lilizaliwa: muhogo, ndizi, samaki ya kukausha, mikeka. Na boyi wa wazungu, ambao kazi yao kubwa ilikuwa kungoja bwana aite, waliweka yote moyoni. Mwaka wa 1965 mmoja wa watu wa kazi hiyo, André Yav, aliandika katika Kiswahili cha Lubumbashi historia ya mji mzima namna wao walivyoiona. Leo mtu hawezi kuandika historia ya Lubumbashi bila kukisoma kitabu chake.

Siku 4 porini

Tuwaelezee sasa tuliyoyaona sisi wenyewe. Miaka mingi iliyopita baadhi yetu tulikuwa safarini kaskazini mwa Katanga, na treni ikaharibika katikati ya pori. Waliambia watu: saa 2 tu. Ikawa siku 4.

Siku ya kwanza watu walikasirika. Siku ya pili walikula chakula chao kikaisha. Siku ya tatu, tunashindwa kusema namna gani, pakawa kijiji. Mama walipika chungu kimoja kwa mabehewa matatu. Mwalimu mmoja alikusanya watoto chini ya mti akaandika kwa makala juu ya ubao wa sanduku. Mzee alichimba mashimo chini, akafundisha vijana kisolo kwa kokoto. Na kulikuwa bibi mmoja ambaye tangu saa ya kwanza, wakati sisi tunapiga kelele, alikuwa anasuka kikapu. Tulimwendea.

"Bibi, uko unafanya nini?"

"Niko nangojea treni, sawa weye."

"Lakini mikono yako iko inatumika."

"Tikiti ni ya mimi, baba. Mikono haina tikiti, haijue kama treni inakawia."

Alipofika kwake alikuwa na vikapu 3, na viwili alikuwa amekwisha kuviuza mule mule behewani.

Lakini haki itutake tuseme na jambo lingine. Behewa la nyuma mlikuwa mtoto mwenye homa. Dawa haikuwako. Siku ya nne vijana walimbeba kwa miguu mpaka kijiji chenye zahanati, na akapona, Mungu ashukuriwe. Usiku ule, watu walipokuwa wakiimba karibu na moto, baba ya mtoto alituambia: "Muko munaimba vizuri. Lakini mukizoea kuimba, kesho watatuacha siku 8." Hatukuwa na jibu. Mpaka leo tunalifikiri neno lake.

Subira na ngojangoja

Hapa ndipo tunarudilia zile methali mbili.

Tulijifunza kitu Katanga. Mwaka wa 1986 Gécamines ilitoa tani karibu 476.000 za shaba, na mwaka wa 1993 haikufika hata tani 50.000. Mishahara ikaanza kukawia, mwezi, miezi, kisha ikawa kama hadithi. Mwaka wa 2003 zaidi ya wafanyakazi 10.000 waliondoka kwa ile mpango iliyoitwa départ volontaire. Katika ile miaka kulikuwa nyumba za namna mbili. Katika nyumba moja baba alivaa kila asubuhi, akaenda kuuliza kama mshahara umetoka, akarudi akakaa, watoto wakaacha shule. Katika nyumba nyingine pia baba alienda kuuliza, lakini mama alikuwa amekwisha kupanda mboga nyuma ya nyumba, alikuwa anauza makala na unga kwa vikombe, na jioni baba mwenyewe akashika jembe. Wote wawili walingojea mshahara ule ule. Ndiyo kusema: yule wa kwanza ngojangoja ilimuumiza tumbo, na wa pili subira yake ilivuta heri.

Basi namna ya kujua ni methali ipi ni kuangalia mikono. Mama wa Kikuba, Mlega wa bwami, bibi wa vikapu, wote walingoja na mikono inayofanya kazi, ao macho, ao masikio. Hiyo wazee waliita subira.

Tena, kuko mambo mawili tusiyachanganye. Kungoja muhogo ulowe ni kazi ya Mungu: haukawii kwa kosa la mtu. Kungoja maji siku 3, mshahara miezi 6, karatasi ya ofisi mwaka mzima, hiyo ni kazi ya watu, na kuko mtu anayepaswa kuulizwa. Wazee walijua tofauti hii. Katika baraza, kesi ikicheleweshwa kwa makusudi, mtu alisimama kusema. Kutumia vizuri saa ya kungoja hakumwondolei lawama yule anayetungojesha. Kwa sababu hiyo, yule baba wa treni alikuwa na haki, na waimbaji pia walikuwa na haki: wangenyamaza, usiku ungekuwa mrefu zaidi, yeye angenyamaza, kosa lingesahauliwa.

Tufanye nini?

Hatutaki kuandika maneno tu. Tunawapa wasomaji mambo machache tuliyoanza kujaribu katika chama chetu.

Moja: mtu akienda kupanga mlolongo asiende mikono mitupu. Achukue uzi, kitabu, mahindi ya kupukusua, kazi yoyote inayoweza kuachwa na kurudiliwa. Simu iko nzuri pia: badala ya kuangalia paka picha za wengine, tuitumie kushika sauti ya babu akisimulia.

Mbili: watoto wanaongoja maji wafundishwe kisolo na sona. Mchanga na kokoto haviuzwi. Na anayejua ao aliyeona wazazi wake wakifanya asione haya kufundisha.

Tatu: penye mlolongo kuwe daftari moja. Tuandike tarehe, saa tuliyofika, saa maji yaliyotoka. Katika mtaa mmoja akina mama walifanya hivyo miezi 3, wakapeleka daftari kwa wakubwa. Hawakupiga kelele, walifungua daftari tu. Tangu siku ile maji hayakuwa mengi, lakini yakawa na siku zake zinazojulikana, na mama wakaanza kulala usiku. Livingstone aliandika kwenye gazeti la zamani. Sisi tuko na daftari ya shule.

Nne, na hii ni kwa vijana: mukikaa na mzee anayengoja, kwa munganga ao kwenye gare, mumuulize. "Tata, zamani munangojea namna gani?" Hakuna mzee asiye na jibu. Yule mzee wa mkutano wetu, tuliyemtaja mwanzoni, alituambia majina ya maumbo 11 ya vitambaa vya mama yake. Tuliandika 9. Mawili tulisema tutayachukua siku nyingine, juu ya saa ilikuwa imeisha na gari ilikuwa imejaa. Hatukumkuta tena.

Kama nyinyi wasomaji munajua namna watu wa kwenu walivyotumia saa za kungoja, kwa kuchora, kusuka, kucheza ao kusimulia, mutuandikie. Tutatia majibu yenu katika kijitabu kinachofuata. Lakini musingoje sana.